Methotreksati na dawa nyingine: maswali ya wagonjwa wa baridi yabisi

Wagonjwa wengi wa baridi yabisi huanzishiwa methotreksati kwenye hospitali kubwa, mara nyingi mbali na nyumbani. Lakini homa, UTI, jino na kiuno hutibiwa mtaani, kwenye duka la dawa la jirani, na muuzaji asiyejua mteja wake ana dawa gani nyingine ndani ya mkoba. Hapo ndipo mimi ninapopaogopa. Ni mfamasia, na maswali haya ndiyo ninayoulizwa dirishani siku za kliniki. Kwenye boksi dawa yenyewe imeandikwa Methotrexate, kwa kawaida vidonge vya 2.5 mg.

Kwa nini methotreksati inagombana na dawa nyingine?

Kwa sababu ya namna inavyofanya kazi na namna inavyotoka mwilini. Methotreksati huzuia kimeng'enya kinachouwezesha mwili kutumia foleti, vitamini ambayo seli haziwezi kuzaliana bila kuipata. Ndiyo maana kwa dozi kubwa hutibu saratani. Kwa dozi ndogo, ile ya 7.5 mg hadi 25 mg kwa wiki, hutuliza kinga ya mwili iliyogeuka na kuanza kula viungo. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha kwa baridi yabisi mwaka 1988, na mpaka leo ndiyo dawa ambayo madaktari wengi huanza nayo.

Sasa fikiria mambo matatu. Dawa nyingine ikigusa foleti pia, uboho wa mifupa unapigwa mara mbili na damu inashindwa kutengenezwa. Dawa nyingine ikizidhoofisha figo, methotreksati inabaki mwilini na kujilundika, kwa kuwa njia yake kuu ya kutoka ni mkojo. Na dawa nyingine ikiliumiza ini, basi ini lina mizigo miwili. Karibu kila jibu utakalosoma hapa chini linarudi kwenye foleti, figo au ini.

Nimeambiwa ninywe mara moja kwa wiki. Si kosa la uandishi?

Si kosa. Ni mara moja kwa wiki, siku moja unayoichagua na daktari wako na usiibadilishe ovyo. Kama dozi yako ni 15 mg, unameza vidonge sita vya 2.5 mg siku hiyo, kisha unakaa mpaka wiki ijayo.

Hili si mwingiliano wa dawa, lakini nalitanguliza kwa sababu ndilo kosa linaloua kuliko mengine yote ya dawa hii. Sisi tumezoea bahasha ya dawa iliyoandikwa 1×3 au 2×2. Mgonjwa akiona bahasha, mkono unakwenda wenyewe kila siku. Nimewahi kumpokea mama aliyepewa bahasha iliyoandikwa 1×1, akameza kila asubuhi siku tisa mfululizo. Alikuja akilalamika mdomo unawaka, hawezi hata kumeza uji. Makosa ya namna hii yameua watu hata kwenye nchi zenye mifumo mizuri: mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa masharti mapya ya kuyazuia, na mwaka 2020 Uingereza ikawataka wanaoandika na kutoa dawa hii waiandike siku yenyewe ya wiki kwenye cheti na kwenye lebo.

Kwa hiyo mwambie anayekupa dawa aandike kwa maneno: «Ijumaa tu». Kama kuna mzee nyumbani anayetumia, mtu mmoja akabidhiwe kazi ya kumpa.

Nina UTI, dukani wamenipa Septrin. Nimeze?

Hapana. Kama utakumbuka jibu moja tu, liwe hili.

Septrin, ambayo jina lake la kitaalamu ni kotrimoksazoli, ina dawa mbili ndani yake: sulfamethoksazoli na trimethoprimu. Trimethoprimu inazuia kimeng'enya kile kile ambacho methotreksati inakizuia. Hapohapo, kotrimoksazoli inapunguza uwezo wa figo kuitoa methotreksati. Yaani inakupiga pande mbili kwa wakati mmoja. Kinachofuata ni uboho kuzimia: chembe nyeupe zinashuka na mwili unakosa askari, chembe sahani zinashuka na damu inavuja, chembe nyekundu zinashuka na unapauka. Zimeripotiwa kesi za vifo, na hazikuhitaji miezi. Kozi ya siku chache imetosha.

Tatizo ni kwamba Septrin ni rahisi, inajulikana, na inatolewa kwa kila kitu: kikohozi, kuhara, mkojo unaochoma, kidonda. Haina sura ya dawa ya hatari, na kwa mtu mwingine kweli si ya hatari kihivyo. Kwako wewe ni ya hatari. Trimethoprimu peke yake, bila ile sulfa, nayo ikatae kwa sababu ileile. UTI ina dawa nyingine kadhaa, na daktari atachagua akiangalia figo zako.

Kama tayari umeshameza, hata kidonge kimoja, acha Septrin, usimeze methotreksati ya wiki hiyo, nenda hospitali ukapimwe damu. Usisubiri dalili.

Na dawa za malaria?

Hapa kuna dawa mbili ambazo watu huzichanganya kwa majina.

SP, ambayo wengi bado wanaiita Fansidar, ikatae. Ndani yake kuna sulfadoksini na primethamini, na primethamini ni ndugu wa trimethoprimu: inazuia kimeng'enya kilekile. Ubaya wake zaidi ni kwamba inakaa mwilini muda mrefu, hivyo ukishaimeza huwezi kuitoa kwa kuacha tu. Tanzania Bara iliiacha SP kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2006, lakini haijatoweka. Inatumika kuwakinga wajawazito, na madukani bado ipo. Mtu mzima mwenye kumbukumbu ya «vidonge vitatu mara moja umepona» anaweza kuiomba mwenyewe kwa jina.

Dawa mseto, yaani ALu, haina ugomvi unaojulikana na methotreksati. Pima kwanza, ukiwa na malaria tumia mseto kama ulivyoelekezwa. Ila ukiwa na homa kali, unatapika au unaharisha, usimeze methotreksati ya wiki hiyo mpaka uongee na daktari. Mwili ukikauka, figo zinapunguza kazi, na dawa inabaki ndani.

Nyongeza kwa wale wanaotumia pia hidroksiklorokwini kwa viungo: itaje kabla ya kupewa mseto au kwinini. Zote zinagusa mdundo wa umeme wa moyo, na daktari anapaswa kulipima hilo.

Ninaishi na VVU na kliniki yangu inanipa Septrin kila siku. Nifanyeje?

Swali hili linanipa wasiwasi kila ninapolisikia, kwa sababu mara nyingi kliniki mbili zinamhudumia mtu mmoja na hazijuani. Ya viungo haijui habari ya Septrin, ya VVU haijui habari ya methotreksati. Na mgonjwa ananyamaza kwa sababu hataki daktari wa viungo ajue hali yake. Ninaelewa kabisa kwa nini. Hata hivyo, ukimya huo ni hatari kuliko aibu yoyote.

Simamisha methotreksati na uende kliniki zote mbili na vidonge vyote mkononi. Usiache Septrin kwa uamuzi wako, wala ARV. Kukosa methotreksati wiki moja au mbili kutakuletea maumivu, lakini kuichanganya na Septrin kunaweza kukuondoa duniani. Madaktari wataamua kipi kibaki. Pengine hali ya kinga yako sasa haihitaji tena Septrin, au viungo vyako vinaweza kutulizwa na dawa nyingine.

Kuhusu ARV zenyewe: tenofoviri, iliyomo kwenye kidonge kimoja cha siku ambacho wengi wanatumia, inapita kwenye figo na inaweza kuziumiza. Vipimo vya figo kwako viwe vya mara kwa mara zaidi.

Maumivu yakizidi, naweza kuongeza diklofenaki?

Jibu la vitabu na jibu la mtaani yanatofautiana hapa, na yote mawili yana ukweli.

Diklofenaki, ibuprofeni na naproksini hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na hivyo methotreksati inaweza kuchelewa kutoka. Hata hivyo, wagonjwa wengi wa baridi yabisi wanatumia dawa hizi pamoja na methotreksati ya dozi ndogo, daktari akijua, figo zikiwa nzima na damu ikipimwa. Hiyo inakubalika. Kisichokubalika ni kujiongezea mwenyewe: vidonge vya hospitali asubuhi, vya dukani mchana, kisha sindano ya maumivu jioni kwa sababu magoti yamekaza. Mara nyingi zote tatu ni diklofenaki ileile yenye majina tofauti. Soma kila boksi.

Hatari inapanda sana ukiwa mzee, ukiwa na kisukari cha muda mrefu, au ukiwa unatumia dawa za presha. Losartani au enalaprili, pamoja na kidonge cha kukojoza, pamoja na diklofenaki: mchanganyiko huo peke yake unaweza kuzilaza figo, hata bila methotreksati. Ukiiweka methotreksati juu yake, unaona mwenyewe.

Parasetamoli ni salama zaidi kwa kuongeza, usizidishe gramu nne kwa siku, na chini ya hapo kama ini lako lina tatizo. Aspirini ndogo ya moyo, ya 75 mg, endelea nayo kama ulivyoandikiwa. Za kuchua, paka.

Antibiotiki nyingine je? Amoksilini, sipro?

Amoksilini na jamaa zake za penisilini zinaweza kuchelewesha kidogo utokaji wa methotreksati. Kwa dozi ya wiki ya viungo, madhara makubwa ni nadra, na hutolewa pale zinapohitajika. Siprofloksasini nayo inaweza kupandisha kiwango cha methotreksati, hivyo itaje. Lakini tazama jambo kubwa zaidi: ukihitaji antibiotiki, maana yake una maambukizi, na methotreksati inashusha kinga. Madaktari wengi hukuambia uiruke mpaka umalize kozi na homa iishe. Piga simu uulize.

Dawa zangu za presha, sukari na vidonda vya tumbo?

Amlodipini na metformini hazina shida na methotreksati yenyewe, ingawa metformini nayo inataka figo nzima. Omeprazoli inatajwa kwenye maonyo kwa sababu ya wagonjwa wa saratani wanaopewa methotreksati kwa dozi kubwa mno. Kwa dozi ya wiki wengi wanaitumia bila tatizo. Fenitoini ya kifafa inagusa foleti, kwa hiyo itaje.

Asidi ya foliki si itaiua nguvu ya methotreksati?

Naulizwa hili kila wiki, na swali lina akili: kama dawa inazuia foleti, kwa nini tena nipewe foleti? Kwa dozi ndogo ya viungo, asidi ya foliki hupunguza vidonda vya mdomoni, kichefuchefu na kupanda kwa vipimo vya ini, na viungo vinaendelea kupata nafuu. Kawaida ni 5 mg mara moja kwa wiki, siku tofauti na ya methotreksati. Wengine huandikiwa siku zaidi.

Angalia sana rangi na umbo. Vidonge hivi viwili vinaweza kufanana, vyote vidogo na vya manjano, na nimeshaona vimemiminwa kwenye chupa moja ili kupunguza mzigo. Usifanye hivyo kamwe. Kila kimoja kikae kwenye boksi lake.

Na usidhani kuwa foliki itakukinga ukimeza Septrin. Haitatosha. Methotreksati ikishazidi mwilini, hospitali hutumia asidi ya foliniki, kitu kingine kabisa ingawa majina yanakaribiana.

Daktari amenipa dawa tatu za viungo pamoja. Amekosea?

Hapana. Methotreksati, sulfasalazini na hidroksiklorokwini kwa pamoja ni mpango unaojulikana na uliojaribiwa. Prednisoloni pia huongezwa, hasa mwanzoni, na hiyo usiikatishe ghafla kama umeitumia kwa wiki kadhaa. Leflunomaidi ikiongezwa, ini linabanwa zaidi, kwa hiyo vipimo visikosekane.

Nimekutwa na TB. Niendelee?

Usiamue mwenyewe. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote zinaweza kuliumiza ini, na methotreksati pia. Zaidi ya hapo, methotreksati inashusha kinga wakati unapigana na TB. Kwa kawaida inasimamishwa kwanza. Rifampisini pia inapunguza nguvu ya prednisoloni, hivyo usishangae viungo vikiamka. Mwambie daktari abadilishe dozi.

Bia moja mwisho wa wiki?

Zungumza na daktari wako, mwambie ukweli wa kiasi unachokunywa. Wengine wataruhusiwa kidogo, kama ini ni zima. Mwenye homa ya ini aina ya B au C asiguse. Kuhusu gongo, chang'aa na pombe nyingine za kupika vichochoroni nasema hapana moja kwa moja: hakuna anayejua nguvu iliyomo wala kilichoongezwa.

Dawa za miti shamba?

Sidharau miti shamba. Bibi yangu alitutibu nayo. Lakini unga wa «kumaliza baridi yabisi ndani ya siku saba» siuamini, kwa sababu kwenye nchi mbalimbali unga wa namna hiyo umepimwa na kukutwa umechanganywa kwa siri na prednisoloni, deksamethasoni au diklofenaki. Ndiyo maana unatuliza haraka hivyo. Ukiunywa juu ya dawa zako, unameza dozi mbili bila kujua. Na mizizi mingine inaumiza ini au figo yenyewe. Kama huwezi kutaja kilichomo ndani, usikimeze wakati uko kwenye methotreksati.

Chanjo?

Chanjo zisizo na vimelea hai, kama za mafua, nimonia na UVIKO-19, chanja. Kwa mafua, kama viungo vimetulia, daktari anaweza kukuambia uruke methotreksati wiki mbili baada ya sindano ili chanjo ishike vizuri. Chanjo zenye vimelea hai ni habari nyingine. Ya homa ya manjano ndiyo inayowasumbua wasafiri: ukifika kituo cha chanjo, sema unatumia methotreksati kabla hujakunja mkono wa shati. Daktari anaweza kukuandikia barua ya kutochanjwa kwa sababu za kiafya, ingawa nchi unayokwenda ndiyo yenye uamuzi wa kuikubali.

Ramadhani nafunga. Dawa niimeze lini?

Hapa urahisi wa mara moja kwa wiki unakusaidia. Meza usiku wa siku yako, baada ya kufuturu na kula, kisha kunywa maji ya kutosha mpaka daku. Anayetumia dawa za kukojoza au diklofenaki pamoja na kufunga kwenye joto la pwani aongee na daktari kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu ya figo.

Nataka kupata mtoto.

Methotreksati huharibu mimba na huumiza kiumbe. Mwanamke anayeitumia awe kwenye uzazi wa mpango wa uhakika. Sindano, vijiti na vidonge havina ugomvi nayo. Ukitaka mtoto, dawa inasimamishwa kabla ya kuacha uzazi wa mpango. Miongozo inatofautiana kuhusu muda, kuanzia mwezi mmoja hadi sita, kwa hiyo anza mazungumzo mapema. Usinyonyeshe ukiwa unaitumia. Wanaume nao waulize; maelezo ya watengenezaji huwataka wasubiri miezi mitatu.

Na ukishika mimba muda mfupi baada ya kuiacha, waambie kliniki ya wajawazito, kwa sababu huko SP hutolewa kama kinga ya malaria kwa akina mama wengi. Waambie pia dozi ya foliki unayotumia: 5 mg kwa siku hupunguza nguvu ya SP dhidi ya malaria.

Vipimo vya damu ni vya nini hasa, kama najisikia vizuri?

Kwa sababu uboho, ini na figo havipigi kelele mapema. Picha ya damu, ile wanayoiita FBP, pamoja na ini na figo: kila wiki mbili hadi nne mwanzoni au dozi ikipandishwa, baadaye kila miezi miwili hadi mitatu. Ninajua ni gharama. Kama fedha ni ndogo, mwambie daktari waziwazi, achague cha lazima, badala ya wewe kuruka vyote kimyakimya.

Dalili zipi nikimbie hospitali?

Vidonda mdomoni au kooni vinavyozuia kula. Homa yenye kutetemeka. Michubuko bila kugongwa, ufizi au pua kutoa damu. Macho kuwa ya manjano. Kikohozi kikavu na pumzi kukata, kwa sababu dawa hii mara chache huvimbisha mapafu. Mkojo kupungua. Kutapika au kuharisha bila kukoma.

Usimeze dozi nyingine. Nenda na vidonge vyote, pamoja na maboksi matupu na ile bahasha ya dukani, hata kama imeandikwa kwa peni na herufi hazisomeki. Ukifika mapokezi, kabla hawajakuuliza unaumwa nini, sema: «Ninatumia methotreksati mara moja kwa wiki, nilimeza siku fulani, na baada ya hapo nilimeza hiki.»